Mwenye Akaunti Apige Mwenyewe

Kibanda changu ni cha arobaini na tatu,
kati ya muuza pilipili kavu na mshona sketi za Kihmong,
hapa Sent Pol, Minesota, mwezi wa Januari,
ambako pumzi ya mtu hufika kabla ya salamu yake.
Mimi ni Pa Houa. Nafungua simu.
Sivunji, nafungua.
Mvunjaji huacha ufa; mimi naacha risiti.

Leo kaja bibi wa kaskazini, kwenye migodi ya chuma,
saa tatu na nusu barabarani,
theluji ikiyeyuka kutoka kwenye buti zake mpaka chini ya kiti changu.
Ardis. Kaweka simu mezani
kama mtu awekaye yai.
"Ya marehemu Verner," akasema. "Sauti yake imo."

Kila mwezi Verner alisoma geji ya tangi la gesi
akajirekodi, mtu asiyeamini karatasi:
*Asilimia arobaini, Ardis. Usisahau kuagiza.*
Miaka sita ya asilimia.
Simu mpya hataki kuisikia.

Tatizo: kampuni imeng'oa mnara wake nyuma ya kanisa.
Mnara mwingine upo, ng'ambo ya ziwa, wa kampuni nyingine,
na simu inauona.
Inauona kama mbwa wa mnyororo aonavyo mfupa.

Deni limelipwa, mkataba umekwisha.
Bibi kapiga mara nne kuomba msimbo.
"Tutautoa, mama, ila mwenye akaunti apige mwenyewe."
Akawaambia: mwenye akaunti tumemzika Oktoba,
tuliwahi ardhi kabla haijaganda.
Wakampa pole.
Kisha wakarudia: apige mwenyewe.

Wao husema kufuli ni kwa usalama wako.
Kuku naye, kama angeuliza,
angejibiwa hivyohivyo kuhusu tenga.

Nikaigeuza. Nikaipuliza vumbi.
Redio iliyomo humu haina ujinga wowote:
inajua masafa ya minara yote hiyo.
Mahali fulani wahandisi wa nchi zisizopatana
walikaa meza moja, kahawa ikapoa, wakagombana miaka,
hadi wakakubaliana hata urefu wa kimya
kati ya neno la mashine na jibu lake.
Wakaandika. Asomaye na asome.
Halafu akapita mtu wa mauzo
na kufuli la senti tano.

Mama yangu alivuka Mekong usiku
na lugha isiyo na mnara popote.
Kambini, kwenye foleni ya maji,
watu waliazimana maneno: chumvi, daktari, bei gani,
neno la huyu kwenye kinywa cha yule,
likarudi limechakaa kidogo, bado linafanya kazi.
Sikusikia aliyetozwa.

"Ni halali?" Ardis kauliza, macho mlangoni.
Nikamwambia ni halali siku hizi.
Iliwahi kuwa kosa, na simu ilikuwa ileile.

Msimbo niliupataje? Fundi hana mdomo.
Tarakimu kumi na sita.
Ya kumi na moja nilikosea, tukaanza upya,
yeye akishika ukingo wa meza.
Kisha kioo kikajaa majina,
minara yote ya jirani, mmoja chini ya mwingine.
*Chagua mtandao.*

Hakuchagua.
Alisikiliza kwanza. *Asilimia arobaini, Ardis.*
Mshona sketi akazima cherehani.

Nilisema ishirini, nikapokea kumi na tano.
Akatia laini mpya, akapiga ileile kampuni
kwa mnara wa mpinzani wake.
"Mlitaka mwenye akaunti," akasema. "Ni mimi."

Wakamwambia asubiri.
Akaketi, simu sikioni,
buti zikaanza kukauka.
Anasubiri bado. Nami sijafunga.